Nyuzi za Mlima Elgon Hazijui Mpaka

UKITAKA kufika Kapsokwony kutoka Kitale, panda matatu inayoelekea Webuye, shuka Kamukuywa, kisha utafute gari la Kimilili. Ukitokea Bungoma mjini, njia yako ni ya Chwele. Njia zote mbili zitakufikisha Kimilili, mji wa biashara ulio chini ya mlima, na kutoka hapo ni kupanda tu. Injini hulia, abiria hufunga madirisha kwa sababu ya baridi, na mashamba ya mahindi huanza kugawana ardhi na viazi, vitunguu, migomba na kahawa.

Msafiri mwenye masikio mazuri atagundua jambo jingine njiani. Pale Kimilili salamu ni “Mulembe”, neno la Kibukusu lenye maana ya amani. Kilomita chache juu, mazungumzo ndani ya gari yameshageuka kuwa ya Kisabaot. Utingo anadai nauli kwa lugha zote mbili, na akikutilia shaka anakudai kwa Kiswahili.

Kapsokwony si mji mkubwa. Ni makao makuu ya eneo la Mlima Elgon, ambalo mwaka 1993 lilimegwa kutoka Bungoma likawa wilaya, na ambalo baada ya katiba ya 2010 limo ndani ya Kaunti ya Bungoma kama kaunti ndogo. Kuna ofisi za serikali, soko, maduka, makanisa na shule. Na nyuma ya vyote hivyo umesimama mlima wenyewe, ambao kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Asubuhi unauona vizuri. Ikifika alasiri, mara nyingi hujifunika mawingu kama bibi mzee aliyehisi baridi.

Familia nyingi za mijini zikisikia Mlima Elgon hukumbuka mambo mawili: mapango yanayoingiwa na ndovu kutafuta chumvi, na vita vya ardhi vilivyojaa magazetini mwaka 2008. Hayo yote ni kweli. Lakini safari hii nilikwenda kutafuta jambo la tatu, ambalo watalii wachache huliulizia. Nilikwenda kusikiliza nyuzi.

WATU WA MLIMA

Wasabaot ni ndugu wa Wakalenjin wengine, yaani Wanandi, Wakipsigis, Wapokot na wenzao. Ndani yao kuna Wakoony, Wabook na Wabong'om, na upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda, wako ndugu zao Wasabiny. Wengi husema jina Elgon lilitokana na Wakoony, na jina Bungoma likatokana na Wabong'om. Kwa hiyo hata mji mkuu wa kaunti, ambao leo unajulikana zaidi kama mji wa Wabukusu, umebeba jina la majirani zao wa mlimani.

Mzungu Joseph Thomson alipopita hapa mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi na mifugo yao ndani ya mapango, naye akayaandika hayo katika kitabu chake cha safari. Enzi hizo hakuna aliyejiita Msabaot. Jina hilo la pamoja lilikuja kushika katika miaka ya 1940, pale koo na makundi yaliyozungumza lugha inayofanana yalipoona afadhali yasimame pamoja. Babu wa kijana wa leo wa Kapsokwony huenda alizaliwa kabla jina la kabila lake halijaenea.

Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uzito. Tumezoea kusema kwamba kabila ni kitu cha tangu jadi, kama jiwe. Hapa mlimani unaona wazi kwamba jina la watu hutengenezwa na watu wenyewe, tena kwa sababu zao. Ukishalijua hilo, utayasikiliza mengine yote kwa sikio jipya.

KINUBI CHA BIBI MUUZA VITUNGUU

Chombo kikuu cha nyuzi cha Wasabaot huitwa bukandit. Ni kinubi: bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi, mikono miwili ya mti inayochomoza juu yake, kijiti kimoja kilicholazwa kuunganisha mikono hiyo, na nyuzi zinazoshuka kutoka kwenye kijiti hadi kwenye ngozi. Mpigaji hukaa chini au kwenye kigoda, akakiegemeza mwilini, akakwanyua nyuzi kwa vidole huku akiimba. Kilipigwa kwenye harusi, kwenye sherehe za tohara, na wazee walipoketi kuzunguka chungu cha pombe wakivuta kwa mirija mirefu. Mpigaji aliwasifu waliotenda mema, akawachoma waliotenda mabaya bila kuwataja majina, na akawakumbusha vijana ng'ombe gani walitoka wapi.

Nilimkuta mzee mmoja karibu na soko, amekaa chini ya paa la duka lililofungwa, anapatanisha nyuzi zake. Kazi hiyo haina haraka. Anazungusha kitambaa kilichofungia uzi kwenye kijiti cha juu, anakwanyua, anainamisha kichwa, anazungusha tena. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa pembeni wakimtazama kwa subira ya watoto ambao wameshaambiwa watulie.

Alipoanza kupiga, watu walisogea mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja muuza vitunguu aliyepanda kutoka Kimilili kununua shehena. Alisikiliza kidogo, kisha akatangaza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha kusikika na kila mtu, kwamba hicho ni litungu, na kwamba baba yake alikuwa nacho nyumbani. Mzee hakuacha kupiga. Alimjibu tu, kwa adabu, kwamba mama amekosea jina, hicho ni bukandit. Mama akasisitiza. Mzee akasisitiza. Waliozunguka wakaanza kucheka, na muda si muda yule mama alikuwa ameweka gunia lake chini, anatikisa mabega yote mawili kwa mtindo ambao Wabukusu huuita kamabeka, na bukandit ikamfuata hatua kwa hatua kana kwamba zilifundishwa na mwalimu mmoja.

Nadhani wote wawili walisema kweli.

JIRANI WA CHINI

Litungu ni kinubi cha Wabukusu, na pia cha ndugu zao Wamasaba wa upande wa Uganda. Kwa kawaida kina nyuzi saba. Umbo lake ni lile lile: bakuli, ngozi, mikono miwili na kijiti cha juu. Mtu asiyejua akiwekewa litungu na bukandit mezani, atahangaika kusema kipi ni cha nani.

Na familia ya vinubi hivi haiishii hapo. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, ambayo marehemu Ayub Ogada aliipeleka hadi kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 kwa wimbo wake Kothbiro. Wakisii wana obokano, kikubwa chenye sauti nzito, nacho pia kina nyuzi nane. Wakipsigis wana kibugandet. Wapokot wana pkan. Sasa yatamke majina hayo kwa sauti, moja baada ya jingine: bukandit, kibugandet, pkan, obokano. Wakisii ni Wabantu na wengine hao ni Wakalenjin, lakini masikio yako yatakuambia kwamba kuna jambo. Ukizidi kwenda kaskazini utaikuta krar ya Ethiopia, na ukirudi nyuma miaka elfu kadhaa utakuta vinubi vya aina hii vimechorwa kwenye makaburi ya Misri ya kale.

Mbali na vinubi, huku chini Wabukusu wana ala nyingine ambayo msomaji wa mjini anaweza kuilinganisha moja kwa moja na fidla. Inaitwa siilili. Ni zeze dogo: kopo la mti lililowambwa ngozi, fimbo iliyopenya, uzi mmoja, na upinde mdogo wa kusugua uzi huo. Waisukha na Waidakho wa Kakamega wanayo na huiita shiriri. Wajaluo huiita orutu. Uzi ni mmoja tu, lakini mpigaji hodari huufanya ulie kama mtoto, ucheke kama msichana na uitike kama kundi zima la waimbaji. Fidla ya kizungu ina nyuzi nne na huwekwa chini ya kidevu. Siilili huegemezwa tumboni. Tofauti nyingine ni za seremala.

Isitoshe, nyuzi si kitu pekee ambacho majirani hawa wanagawana. Wabukusu husimulia habari za shujaa wao Mango, aliyeua nyoka mkubwa aliyekuwa akiwasumbua watu, na ambaye baada ya ushujaa huo alitahiriwa na Wasabaot. Tangu hapo, yasema masimulizi, tohara ikashika mizizi kwa Wabukusu. Na ukitaka ushahidi zaidi ya masimulizi, tazama majina ya marika. Wabukusu wana Maina, Chuma, Sawa, Nyange na Kolongolo. Wasabaot, kama Wakalenjin wengine, wana Maina, Chumo, Sowe, Nyongi na Korongoro. Watu wawili wanaohesabu vizazi vyao kwa majina yale yale hawawezi kuambiana kwamba hawajuani.

SIKU NYUZI ZILIPONYAMAZA

Hata hivyo, wameambiana. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo hadithi ya ala inapoacha kuwa ya kupendeza tu.

Mwaka 1991 na 1992 mapigano ya kikabila yalizuka katika eneo hili, kama yalivyozuka katika sehemu nyingine za magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa. Watu waliokuwa wameishi jirani kwa jirani walichomeana nyumba. Kisha ikaja shida ya Chebyuk. Huu ni mpango wa makazi ulioanza mwaka 1971 ili kuwapa mashamba watu wa Mosop, ambao kwao palikuwa Chepkitale, juu mlimani. Mashamba yakagawanywa, yakagawanywa upya, na kila awamu ikaacha watu waliohisi wamenyang'anywa. Mwaka 2006 likaibuka kundi la wapiganaji lililojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot, maarufu kwa herufi SLDF. Kufikia mwaka 2008, kwa hesabu ya watetezi wa haki za binadamu, zaidi ya watu 600 walikuwa wameuawa na maelfu wametoroka makwao. Machi mwaka huo jeshi la Kenya likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na Mei kiongozi wa wapiganaji akauawa. Watetezi hao hao waliwashutumu wapiganaji na wanajeshi pia kwa mateso waliyowafanyia wananchi.

Jambo la kuzingatia ni hili. Wabukusu na Wateso waliumia, lakini kiini cha ugomvi wa Chebyuk kilikuwa kati ya watu wa Mosop na watu wa Soy, yaani wa juu na wa chini, na wote ni Wasabaot. Lugha moja, marika yale yale, bukandit ile ile. Wanaohubiri kwamba watu wa kabila moja wakikaa peke yao watakaa kwa amani wanapaswa kupelekwa Mlima Elgon wakaelezwe.

Kinubi hakipigwi watu wanapolala msituni. Sherehe hukoma, mikutano ya usiku huogopwa, na mpigaji huficha chombo chake pamoja na vyombo vingine vya nyumbani, kama ana nyumba bado. Na hata amani ikirudi, kinachobaki ni swali: kinubi hiki kitapigwa kwa ajili ya nani? Kwa sababu mwanasiasa naye anajua nguvu ya wimbo. Kila msimu wa uchaguzi wachezaji wa ngoma hupakiwa kwenye malori, na si kila wimbo unaotungwa wakati huo ni wa kuwaombea watu mema.

Wenzetu wa Rwanda walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwanamuziki Simon Bikindi alikuwa mtunzi mashuhuri, mwenye kikundi cha ngoma za asili kilichopendwa. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, akichochea mauaji. Vidole vilivyojua utamu wa asili ya watu wake havikumzuia ulimi.

MFANO KUTOKA MILIMA YA WENGINE

Huenda mtu akasema haya ni matatizo ya Afrika. La hasha. Hebu tuvuke bahari tufike Albania, nchi ndogo ya milima kusini mashariki ya Ulaya, ambayo ilitawaliwa na Waturuki kwa zaidi ya miaka 400 na kujitangazia uhuru tarehe 28 Novemba 1912. Kila mwaka tarehe hiyo Waalbania, wa nyumbani na wa ughaibuni, husherehekea Siku ya Bendera. Katika kumbi za miji mingi utasikia fidla zikipigwa nyimbo za kwao, na wazee wakifuta machozi.

Fidla imepata makazi mazuri Albania, hasa kusini, ambako hupigwa pamoja na klarineti katika vikundi vya harusi. Kuna mtindo wao uitwao kaba, unaoiga sauti ya mtu anayelia. Lakini huko kaskazini milimani ala yenye heshima ni nyingine, nayo ungeifahamu mara moja kama umepita Kimilili. Inaitwa lahuta. Bakuli la mti lililowambwa ngozi, uzi mmoja, upinde. Ni siilili ya Ulaya, isipokuwa wao huipiga wameiweka magotini, wakiimba tenzi ndefu za mashujaa wao.

Lahuta ikawa alama ya taifa. Padri mmoja Mfransisko, Gjergj Fishta, alitunga utenzi mkubwa akaupa jina la ala hiyo, Lahuta e Malcís, yaani Zeze la Milimani. Toleo lake kamili lilichapishwa mwaka 1937. Wengi waliuona kama utenzi wa taifa. Lakini ndani yake mna vita dhidi ya majirani Waslavi, na serikali ya kikomunisti iliyoshika nchi baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliupiga marufuku kwa muda wote wa utawala wake.

Sasa sikiliza kinaya chake. Majirani hao hao, Waserbia na Wamontenegro, wana ala yao ya taifa ya kuimbia tenzi za mashujaa wao. Inaitwa gusle. Bakuli la mti, ngozi, uzi mmoja, upinde. Ndiyo lahuta kwa jina jingine. Pande mbili za mlima zimeimba kwa karne nyingi jinsi zilivyopigana, na zote zimeimba kwa chombo kimoja. Ni yule mama wa vitunguu na yule mzee wa Kapsokwony, lakini bila kicheko.

Wimbo wa taifa wa Albania nao una siri yake. Maneno ni ya Mwalbania, Asdreni. Sauti yake ilitungwa na Ciprian Porumbescu, Mromania, mpigaji fidla aliyefariki mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka 29, kabla Albania huru haijazaliwa. Waalbania waliipenda sauti hiyo, wakaitia maneno yao, wakaifia. Leo hakuna Mwalbania anayesimama wimbo ukipigwa akifikiria Romania.

VYA KUAZIMA VILIVYOGEUKA VYETU

Tusiwacheke, kwani sisi pia tumeazima, na tumefanya vizuri. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotengenezwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, sauti yake ni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Akina mama wa jamii ndogo ya bondeni ndio waliowapa Wakenya wote wimbo wa kusimamia wima. Tanzania nayo inaimba sauti iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897.

Nenda pwani ukasikilize taarab. Fidla iliyozaliwa Italia ya kaskazini katika karne ya 16 ilipita Misri ikafika Unguja, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, imekuwa nayo kwa vizazi. Mjini Zanzibar vijana hufundishwa fidla, udi na kanuni katika chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002. Mwambie Mzanzibari kwamba fidla si yake uone atakavyokutazama. Na hata Waitaliano hawakuanza bure, maana wataalamu wengi wanaamini kwamba upinde wa kusugulia nyuzi ulitoka kwa wafugaji wa farasi wa Asia ya Kati, ukaenezwa na Waarabu.

Hata mikutano midogo ya vijijini imeazima. Mwaka 1950 mtaalamu Hugh Tracey alipita Kapkatet, kwa Wakipsigis, akirekodi nyimbo. Wasichana wa pale walimwimbia, kwa kinubi, wimbo wa kiumbe waliyemwita Chemirocha. Kumbe alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani wa gitaa ambaye santuri zake zilikuwa zimefika milimani. Walimchukua Mmarekani, wakampa jina la Kikalenjin, wakamweka kwenye kinubi chao. Wimbo ule ni wao kabisa.

Kutokana na mifano yote hii naona jambo moja. Muziki unaowafanya watu wajitambue haukutoka kwenye boma lililozungushiwa ua. Umetoka sokoni, kwenye harusi za majirani, kwenye njia ya kupanda na kushuka mlima. Anayempa mtoto bukandit na kumwambia “hii ni yetu” anasema kweli. Anayeongeza “na wale hawana” anamdanganya mtoto, na uongo huo una bei, kama Mlima Elgon unavyojua.

NANI ATAPIGA KESHO?

Kwa bahati nzuri bado kuna mahali ambapo watoto hushika ala hizi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwakutanisha wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, nao hushindana kwa nyimbo za asili na ala za asili. Nyatiti hupigwa na mtoto asiye Mjaluo, na kamabeka huchezwa na shule ambayo nusu ya wanafunzi wake hawajawahi kufika Kimilili.

Lakini tamasha huisha, basi hurudi, na ala hufungiwa stoo hadi mwaka ujao. Kijijini mambo ni magumu zaidi. Harusi siku hizi hukodi spika na kinanda cha umeme. Makanisa mengine hayajazisamehe ala za asili kwa kuhusishwa na pombe. Na kinubi hakijifunzi kwa kitabu. Mtoto hukaa kando ya mzee kwa miezi mingi akiangalia vidole, na mtoto wa leo ana mtihani, na baada ya mtihani ana simu. Wale wajukuu wawili wa sokoni walitulia kwa sababu waliambiwa watulie. Sijui kama wataomba wenyewe siku moja kushika chombo.

Kwa hiyo, mzazi unayesoma haya ukiwa Nairobi, Eldoret au Kisumu, ukipata likizo ya Agosti au Desemba usiwapeleke watoto pwani kila mwaka. Wapeleke Kitale, wakalale, asubuhi wazunguke mapango ya Hifadhi ya Mlima Elgon. Kesho yake washuke hadi Kimilili, kisha wapande Kapsokwony. Wabebe sweta. Waulize kwa heshima ni nani anayepiga bukandit, na wakimpata wamsalimu kwanza, waketi, wasikimbilie kumpiga picha. Mpigaji ana kazi yake kama fundi yeyote, basi mkononi mwake iachwe shukrani ya kutosha sukari na majani ya chai.

Mwaka unaogawanyika kwa mbili, ukienda Agosti, kengele za watahiriwa wa Kibukusu zitawasindikiza barabarani, na watoto watauliza maswali mpaka mchoke. Wajibuni yote. Wasimulieni habari za Mango, wahesabieni marika ya juu na marika ya chini, na muwaache wayalinganishe wenyewe.

Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaobeba simu zenye uwezo wa kurekodi, kazi aliyoifanya Tracey kwa lori zima la mitambo mnaweza kuifanya mkiwa mmekaa kwenye kigoda. Rekodini babu zenu na bibi zenu. Andikeni jina la wimbo, jina la kijiji, na maana ya maneno. Na mkimaliza kurekodi bukandit ya juu, shukeni mkarekodi litungu ya chini, mziweke pamoja. Atakayezisikiliza miaka hamsini ijayo asipate shida ya kujua kwamba watu hawa walikuwa majirani.